Isale Lililopokelewa Mbele ya Wageni

Aika hakusamehe. Alisameheshwa. Walimkalisha mbele ya wageni waliovaa vitambulisho shingoni, wakamfanya atoe msamaha kwa kosa ambalo aliyelitenda hajalikiri mpaka leo, kisha wakautumia msamaha huohuo kumtoa kwenye ardhi alimolala mumewe. Kosa ndilo hilo. Yanayofuata ni jinsi lilivyotendeka tu.

Kwao ni Machame. Shule aliiona kwa mbali, akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, maana baba yake alisema ada ya msichana ni maji kwenye gunia. Akakua hajui a wala be, lakini anajua mgomba unaotaka kupunguzwa na kahawa inayotaka kivuli. Ephraimu, kijana wa Kimeru, alimwona kwenye uimbaji wa kwaya za Kilutheri, akamfuata mpaka kwa wazazi wake. Akaolewa upande huu wa Meru, kwenye kijiji cha migombani ambacho ukishuka kwa mguu asubuhi unatokea Moshono jua halijawa kali.

Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alikufa kwa homa kabla hajajua kutembea. Wakamzika chini ya migomba, sehemu ya chini ya shamba inayotazama mji. Akafuata Brightness, akaishi. Miaka ikaenda. Ephraimu naye akashikwa na kifua, akakohoa msimu mzima wa kahawa, akazikwa kando ya mwanawe. Juu ya makaburi yote mawili Aika alipanda masale.

Kwa watu wa mlimani isale si ua. Mgeni wa mjini akiliona anafikiri ni pambo la bustani, jani refu la kijani lisilo na harufu wala tunda. Lakini mpaka wa shamba ni isale. Kaburi linajulikana kwa isale. Na mtu aliyekukosea, hata akiwa amemwaga damu, akija mlangoni kwako na isale mkononi, akapiga goti, humwachi pale chini. Unalipokea. Ukishalipokea, neno lile limezikwa. Halitajwi tena kwenye ukoo, halipelekwi barazani, halisemwi hata kwenye ulevi. Aika alilijua hilo kabla hajaota meno ya pili. Bibi yake alikuwa akisema anayelikataa isale amejichimbia, na anayelitoa kwa uongo ameichimbia nyumba yake yote.

Matanga ya Ephraimu yalikuwa hayajapoa Gerson alipoanza. Gerson ni kaka mkubwa wa Ephraimu, mwenye shamba la jirani. Siku moja Aika alirudi kutoka kanisani akakuta masale ya mpaka wa chini yameng'olewa na kutupwa mferejini, mizizi juu, kama kuku walionyongwa.

"Kipande hicho baba alimwazima tu mdogo wangu," Gerson akasema, hata hakushuka kwenye kibaraza chake. "Aliyeazimwa amekufa, shemeji. Kitu kinarudi kwa mwenyewe."

"Kinarudi na makaburi yake?"

"Makaburi hayali chakula. Nani amekwambia yatasumbuliwa?"

Baadaye ndipo ilipojulikana kwamba amekwisha kuahidi kipande hicho kwa mtu wa mjini anayetaka kujenga nyumba ya mikutano. Mji wa Arusha unaishi kwa mikutano. Kila wiki kuna watu wanaoshuka kwenye magari meupe na mikoba inayofanana, na kila mkutano unatafuta mahali penye hewa safi na pa kutazama mlima. Kipande cha Ephraimu kina vyote viwili: nyuma Meru, mbele mji wote chini kama sinia.

Aika alikwenda baraza la ardhi, akashtaki. Kesi ikapigwa tarehe, ikapigwa tarehe tena. Mwenyekiti anaumwa, leo akidi haikutimia, leo mvua. Lakini kesi iliyolala nayo ni ukuta. Maadamu ilikuwa haijaisha, hakuna aliyethubutu kupigilia hata kigingi kimoja kwenye udongo ule. Aika akajifunza kuipenda ile kesi kama mtu anavyompenda mbwa wake mkali. Aliilisha kwa nauli na uvumilivu, na kila alipotoka barazani bila hukumu alipita makaburini akamwambia mumewe, "Bado upo kwako."

Ndipo mtendaji wa kata akaja na upole.

Abdiel alikuwa kijana wa miaka arobaini hivi, msafi, mwepesi wa kusalimia. Alikuwa mtu wa mikutano. Leo Dodoma, mwezi ujao Mwanza, anarudi na mkoba mpya na maneno mapya. Miaka yote ya kesi hajawahi kukanyaga uani kwa Aika. Siku hiyo alifika na pikipiki, akaizima mbali, akaingia akiwa ameshika kofia mkononi. Mbwa wa Aika, aliyekuwa akimbwekea hata mchungaji, alinyanyuka, akamtazama, akaenda kulala nyuma ya zizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Aa, mama yangu naye! Mtendaji akija lazima kuna msiba?"

"Mie sijawahi kukuona ukija na harusi."

Abdiel akacheka, akajivutia kigoda. Akaeleza. Mjini, kwenye hoteli kubwa, kungekuwa na mkutano wa viongozi wa serikali za mitaa kutoka mikoa mingi: madiwani, wakurugenzi, watendaji. Wanakuja kujifunza kwa wenzao, kila halmashauri inaonyesha kitu inachokiweza. Siku ya mwisho wanatoka kwenda kuona kwa macho. Na wageni walikuwa wameomba kuona namna wananchi wa mlimani wanavyomaliza migogoro ya ardhi kwa mila.

"Nimewaza, nikasema kata yangu ina isale. Nani mwingine ana isale?" Akashusha sauti. "Tutawaonyesha igizo dogo tu. Mzee Gerson atakuletea jani, wewe utapokea, watapiga picha, wataenda kula."

Aika aliacha kumenya ndizi. "Isale haliigizwi, mtendaji."

"Mama Brightness, siku hizi hata harusi inafanyiwa mazoezi kanisani. Bwana na bibi wanasimama pale madhabahuni, wanashikana mikono. Wanakuwa wameoana?"

"Kwenye mazoezi mchungaji hatamki baraka."

"Basi na hapa hakuna atakayetamka. Kesi yako iko palepale. Nani ataigusa?"

Aika akarudia kumenya ndizi zake. Abdiel akaona jibu linakwenda kuwa hapana, akatoa kile alichokuja nacho.

"Na baada ya igizo, mama, nitakupa kipaza sauti. Mkurugenzi atakuwepo. Wakubwa wote. Utasema mwenyewe, kwa mdomo wako, yaliyokupata. Wewe si kila siku unalalamika husikilizwi?"

Hapo ndipo alipomshika. Yule mama hakuwa na karatasi wala wakili, wala mtoto mwenye cheo. Alichokuwa nacho ni maneno, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekaa kuyasikiliza mpaka mwisho. Alifikiria wakubwa wale wamekaa kimya, yeye amesimama, anaanza tangu mwanzo. Akasema atafikiri. Abdiel alipoondoka alikuwa tayari anajua amekubaliwa.

Aika alishuka mpaka Kaloleni, kwenye chumba alichopanga Brightness, karibu na uwanja. Brightness anauza mitumba ya watoto, mdomo wake mkali kuliko wa mama yake.

"Mama, usiende."

"Nitasema mbele ya mkurugenzi."

"Hao huwa wanaanza na soda. Ukiona wanakupa soda ya baridi na kiti cha plastiki chenye mgongo, ujue kitu chako kimeshakwenda. Kwa nini Ba'mkubwa Gerson amekubali kupiga goti? Yule anapigia goti nani? Hata ibada ya toba anaumwa magoti."

"Labda amezeeka."

"Labda amelipwa," Brightness akasema, akaendelea kupanga vigauni.

Swali lile la goti lilimfuata Aika mpaka nyumbani. Alimkuta Agnela mferejini, mjane mwenzake wa shamba la juu, akafua naye. Agnela alikuwa na lake la kushauri.

"Lipokee kwa mkono wa kushoto, dada. Wageni hawatajua. Sisi tutajua. Kitu kilichopokelewa kwa kushoto hakijapokelewa."

Wakacheka wote wawili, lakini Agnela ndiye aliyeacha kucheka kwanza. "Nimemwona yule mtu wa mjini," akasema. "Jana alikuwa kwa Gerson na kijana wa kupima. Walikuwa wakihesabu hatua kwa macho tu, bila kuingia shambani. Kama watu wanaosubiri mvua ikatike."

Siku ya ziara mlima ulijifunika tangu alfajiri. Vijana walifika kufunga turubai na vipaza sauti, wakalisimamisha turubai si uani kwa Aika bali kule chini, karibu na makaburi, wakisema kule ndiko picha zitatoka vizuri. Aliletewa fulana ya njano yenye maandishi. Akauliza imeandikwa nini. Kijana wa spika akamsomea: Migogoro Yetu, Suluhu Yetu. Aika akaivaa juu ya gauni lake la kanisani. Kisha akaletewa soda ya baridi, na kiti cha plastiki chenye mgongo, na mwili wake ukafanya kama mtu aliyeitwa jina gizani.

Mabasi yakafika. Wakashuka, wanaume na wanawake wenye vitambulisho, wakipulizia mikono yao kwa baridi, wakisifia hewa, wakisifia migomba. Wengine waliegemea isale la kaburi la mtoto wakipigwa picha, bila ubaya, maana waliona ni ua. Mzee Elihuruma, mkubwa wa ukoo, alikuwa amekaa mstari wa mbele na wazee wenzake. Aika hakujua kama wazee nao wameitwa. Kwenye igizo wazee wa ukoo wanatafuta nini? Kila mmoja alikuwa na mkoba mpya mapajani, na hakuna aliyemtazama machoni.

"Waheshimiwa," Abdiel akasema kwenye kipaza sauti, "kata yetu haina migogoro isiyokwisha. Leo mtaona kwa macho yenu. Familia hii imeshtakiana miaka. Leo wanamaliza. Makofi ya kilo!"

Makofi yakapigwa. Aika akageuka kumtafuta Abdiel kwa macho. Neno igizo lilikuwa limekwenda wapi?

Gerson akatoka kati ya migomba na isale mkononi. Halikuwa jani la kuigizia: lilikuwa na udongo mbichi kwenye mzizi, limeng'olewa asubuhi ile. Alitembea polepole, mtu mzima, kichwa wazi, mvi zake zikionekana. Akafika mbele ya kile kiti akapiga goti kwenye majani mabichi, goti la kweli, mpaka suruali ikalowa. Akainamisha kichwa. Hakusema amekosa nini. Hakusema lolote.

Aika alikuwa amejiandaa kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amejiambia tangu alfajiri, kushoto, kushoto. Lakini mtu aliyelelewa na jambo halishindi kwa kulikumbuka. Mbele yake alikuwa kaka mkubwa wa mumewe, amepiga goti chini na isale, na wazee wanatazama, na makaburi yako hatua chache nyuma. Tangu utotoni aliambiwa ukimwacha mtu wa isale chini ardhi inakusikia. Mkono wa kulia ukaenda. Ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kudaka mtoto anayeanguka. Aliliona jani liko kwenye vidole vyake vya kulia ndipo akajua amefanya nini.

Mzee Elihuruma akasimama, akatemea mate kifuani pake mwenyewe kama wazee wanavyobariki, akasema kwa Kimeru maneno ambayo hayasemwi kwenye mazoezi.

"Neno limezikwa," wazee wakaitikia.

Aika akasimama. "Mtendaji, kipaza sauti."

Abdiel alimpita akitabasamu, akampigapiga begani. "Subiri kidogo, mama."

Diwani mmoja wa kike kutoka mkoa wa mbali, mama mnene mwenye miwani, alikuwa amesogea karibu. Pengine aliona kitu usoni kwa Aika. Akamuuliza, "Na wewe mama, umeridhika? Sema, nakusikiliza."

"Mheshimiwa, mimi niliambiwa ni…"

Muziki ukafunguliwa. Spika zilikuwa mbili, kubwa kama makabati, na kijana alizifungulia mpaka mwisho. Mdomo wa Aika uliendelea kwenda, yule diwani akainamisha sikio, akatikisa kichwa kwamba hasikii. Abdiel akamshika diwani kiwiko kwa adabu. "Karibu chakula, mheshimiwa. Loshoro inapoa, na magari yanawasubiri." Wakaenda. Diwani aligeuka nyuma mara moja. Hakurudi.

Aika alibaki pale na isale mkononi. Harufu ya nyama ilifika, vicheko vikafika, watu walikuwa wakipeana namba za simu na kuahidiana kualikana. Kando ya turubai, yule mtu wa mjini alikuwa akizungumza na Gerson. Gerson alikuwa amesimama wima, akipangusa goti lake kwa leso. Hakuonekana mtu mwenye maumivu ya magoti.

Barazani, safari hii, mwenyekiti hakuwa mgonjwa na akidi ilitimia.

"Mama Brightness," mwenyekiti akamwambia, "shauri lako limekwisha kwa mila, mbele ya mashahidi zaidi ya mia na viongozi wa mikoa. Wewe mwenyewe ulipokea."

"Niliambiwa ni igizo!"

"Nani alikwambia?"

"Mtendaji."

Abdiel alikuwa amekaa kwenye kona. Akafungua mikono yake. "Mama yangu, mimi ni mtu wa serikali. Ningewezaje kuwaambia wazee waigize mila? Nisingethubutu."

Watu wakaguna kukubali. Aika akamgeukia Mzee Elihuruma. "Baba, wewe unajua alikiri nini? Alisema nini alipopiga goti?"

Mzee alitazama fimbo yake. "Ulipaswa kuuliza kabla hujanyoosha mkono," akasema. "Isale likishapokelewa, mwanangu, kesi haifufuki. Usituletee laana kijijini."

Na tangu siku hiyo hivyo ndivyo walivyomtazama, kama mtu anayetaka kufukua kitu. Wanawake wenzake wa jumuiya walihama benchi. Akilitaja tu, mtu anaziba masikio: umepokea, mama, umepokea.

Greda lilipanda mlima siku ya soko, wakati watu wengi wameshuka. Lilianza na kahawa. Migomba ilianguka bila kelele, kama inavyoanguka siku zote. Makaburi hawakuyavunja, wala hawakuwa na haja. Wamejenga uzio kuyazunguka pamoja na kila kitu, na getini kuna mlinzi, kijana mgeni kutoka mbali. Aika akitaka kupalilia juu ya mumewe anasimama nje mpaka mlinzi apige simu kuuliza. Siku nyingine anaambiwa leo kuna wageni, rudi kesho. Ameshawahi kumwona mume wake kupitia waya wa uzio, huku watu wenye mikoba wakinywa chai kando yake.

Abdiel amepanda cheo. Brightness amemwona kwenye simu, amesimama jukwaani katika mkutano wa mji mwingine, nyuma yake picha kubwa ya mwanamke mwenye fulana ya njano akipokea jani kwa mkono wa kulia. Wanamwalika aeleze alivyofanya. Wengine wanaandika.

Wiki iliyopita pikipiki ilipanda tena. Aika aliisikia ikizimwa mbali, lakini si upande wa nyumba yake. Akatoka mpaka kwenye mfereji. Mtendaji mpya, kijana mwingine safi, alikuwa akiingia uani kwa Agnela, kofia mkononi. Agnela ana kesi na shemeji zake. Agnela ana kipande kinachotazama mji.

Aika alipanda kilima mbio, kwa umri wake na pumzi yake, akamkuta Agnela amekwisha kuachwa peke yake, anatabasamu.

"Ameahidi nitaongea," Agnela akasema.

"Hata mimi."

"Wewe ulinyoosha wa kulia, dada. Mimi nitakumbuka."

Aika alimsihi mpaka sauti ikakauka. Agnela alimsikiliza kama mtu anavyomsikiliza aliyeshindwa, kisha akaingia ndani kutafuta gauni lake la kanisani.

Anaendelea kuishi, Aika, kwenye kipande cha juu kilichobaki. Hadai fidia, hakuna aliyemwuliza. Anayodai yanajulikana, na wadaiwa wako hai. Gerson anadaiwa isale la kweli, aje nalo mwenyewe mlangoni bila spika na bila wageni, apige goti, ataje kwa mdomo wake masale aliyong'oa na mfu aliyemuuza. Mzee Elihuruma na wazee wake wanadaiwa kusema hadharani kwamba walibariki wakijua. Na Abdiel anadaiwa kile alichomwahidi: wakubwa walewale, wamekaa, wamenyamaza, na yeye amesimama, akisema mpaka amalize.